Nyumba Mpya, na Mtoto Atacheza Wapi?

Mara nyingi ukurasa huu huzungumza na msomaji juu ya mambo yaliyo ndani ya mlango: jiko, kitanda, maziwa ya mtoto, namna ya kuondoa ukungu ukutani. Wiki hii unamtoa hadi kizingitini ili atazame kilicho mbele ya nyumba. Katika miji yetu ya Afrika Mashariki familia nyingi zinahama vyumba vya kupanga na kuingia katika mitaa mipya, nyingine kwa mkopo, nyingine kwa akiba ya chama cha ushirika, nyingine kwa mpango wa serikali. Familia inapokwenda kuitazama nyumba hukagua vigae, hufungua bomba, hugonga mlango ili kusikia kama mbao ni nzito. Ni nadra mama au baba kuuliza: na mtoto atacheza wapi?

Swali likiulizwa, jibu huwa tayari. Ramani ya mtaa mpya haikosi kipande kilichopakwa rangi ya kijani, nacho kimeandikwa "bustani" au "uwanja wa wazi". Muuzaji hukiwekea kidole na kutabasamu. Wala hasemi uongo. Siku hiyo kipande kipo. Lakini anayerudi baada ya miaka kumi aghalabu hukuta gereji mahali pale, au safu ya vibanda vya mabati, au ghorofa ambalo wakazi hawajui ni la nani. Watoto wako barabarani, na mama zao wako madirishani wakiita.

Namna kijani hicho kinavyotoweka inastahili kuelezwa kwa utulivu, na hapana mji unaoweza kutufundisha jambo hili kama Nairobi. Huko karibu kila jaribio la kupanga makazi limekwisha kufanywa, jema na baya, na matokeo yake yanaonekana kwa macho.

Upande wa mashariki wa jiji hilo upo mtaa wa Kaloleni. Ulijengwa katika miaka ya 1940, na miongoni mwa walioujenga walikuwamo Waitalia waliotekwa katika Vita Kuu ya Pili. Kabla yake, nyumba nyingi ambazo serikali ya kikoloni iliwajengea Waafrika mjini zilikuwa vyumba vya wanaume peke yao. Mfanyakazi alihesabiwa kuwa mgeni wa mji. Mke na watoto walitakiwa wabaki shamba. Kaloleni ulikuwa miongoni mwa mitaa iliyojengwa kwa ajili ya familia, na familia ilipoingia katika mawazo ya wachora ramani, uwanja nao ukaingia. Nyumba zake ni za mawe, za chini, zenye mapaa ya vigae. Zimepangwa zikizunguka viwanja vya nyasi, na katikati ya mtaa umesimama ukumbi ambao ulikuja kusikia hotuba nyingi za siasa katika miaka ya kudai uhuru.

Wazo hilo lilikuwa na asili yake mbali. Mwingereza Ebenezer Howard alilieleza kitabuni mwaka 1898, baada ya kuona jinsi wafanyakazi wa London walivyobanana ndani ya moshi, na mwaka 1903 mji wa kwanza wa namna aliyoitaka ukaanzishwa Letchworth. Mwaka 1929 Mmarekani Clarence Perry akaongeza hesabu. Alitaka kila mtaa uwe na watu wa kuitosha shule moja ya msingi, shule hiyo iwe katikati, mtoto aifikie kwa miguu bila kuvuka barabara kuu, na kadiri ya sehemu moja katika kumi ya ardhi iachwe iwe bustani na viwanja vya michezo. Wataalamu waliotoa mpango mkuu wa Nairobi mwaka 1948 walifuata mawazo ya namna hiyo, wakaligawa jiji katika mitaa ya kujitosheleza.

Haifai kuusifu mpango ule kupita kiasi. Ulichorwa kwa ajili ya mji mkuu wa koloni, katika jiji lililokwisha kugawanywa kwa rangi ya ngozi. Miti mikubwa na hewa safi vilikuwa kaskazini na magharibi, walikoishi Wazungu, na hata leo anayeitazama Nairobi kutoka angani ataiona mipaka ile: huku majani, huku mabati. Lakini kwa Kaloleni mchoraji alitenda haki kwa jambo moja, nalo ni kwamba aliweka uwanja mbele ya milango. Hakuuweka nyuma ya ukuta wala ng'ambo ya barabara. Mama anayepepeta mchele barazani humwona mwanawe, na mwanawe hujua kwamba anaonwa.

Baada ya uhuru watu walimiminika mjini, na mitaa mikubwa ikafunguliwa upande uleule wa mashariki. Ujenzi wa Buruburu ulianza mwaka 1973, kwa ajili ya watu wa kipato cha kati. Nyumba zake zilipangwa katika nyua, kila kundi likikabili njia fupi isiyotokea upande wa pili, ili gari lisipite kwa kasi na mtoto aweze kucheza mlangoni. Umoja ulifuata katika mwongo huohuo, kwa mkopo uliotoka Marekani. Humo mwananchi alipata nyumba ndogo ya kuanzia na kuachiwa nafasi ya kuiongeza. Dandora, uliojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ulikuwa na viwanja 6,000 vilivyokwisha kuwekewa maji na choo, kila familia ikajijengea yenyewe kadiri ya nguvu zake. Mitaa hiyo yote mitatu ilikuwa na sehemu za wazi kwenye ramani. Nia ilikuwapo, na hata kipimo kilikuwapo.

Kilichokosekana ni kufikiri juu ya mwaka wa ishirini.

Chukua Umoja. Wenye nyumba waliruhusiwa kuongeza vyumba, wakaongeza. Kisha ikaonekana kwamba faida iko juu. Nyumba ya chini ikabomolewa, na mahali pake likasimama ghorofa la vyumba vya kupangisha, jirani akafanya vivyo hivyo, hata sehemu kubwa ya mtaa ikawa korongo la majengo. Tufanye hesabu ya ubaoni. Viwanja 100 vyenye familia moja moja, kila familia ikiwa na watoto wanne, ni watoto 400. Kila kiwanja kikibeba familia 20, hata kila familia ikiwa na watoto wawili tu, ni watoto 4,000, nao wanadai nyasi zilezile. Hakuna aliyefikiri kuongeza uwanja kadiri ghorofa zilivyoongezeka. Kinyume chake, palipokuwa na watu wengi ndipo ardhi ilipopanda bei, na ilipopanda bei ndipo uwanja ulipoanza kumegwa.

Uwanja haupotei usiku mmoja. Kwanza hukatika bomba, na nyasi hukauka. Kisha jirani anayejenga huomba kuweka kokoto zake pale kwa wiki mbili tu. Kokoto hukaa miezi minane. Takataka hufuata kokoto, maana mahali palipokwisha kuchafuka hapana anayepaonea haya. Mtu huweka meza ya nyanya, kisha turubai, kisha mabati, na hapana mwenye moyo wa kumfukuza mjane anayetafuta riziki. Mwingine huegesha gari bovu. Wakazi hunung'unika, lakini kila mmoja hudhani kwamba hilo ni jukumu la halmashauri, na halmashauri huwa haina habari. Siku mtu anapofika na karatasi yenye muhuri na kuuzungushia mahali pale ua wa mabati, majirani wamekwisha kuzoea kupaita "jaani". Nani atasimama kutetea jaa?

Haya si masimulizi ya vijiweni tu. Tume iliyoteuliwa na Serikali ya Kenya mwaka 2003, chini ya uenyekiti wa wakili Paul Ndung'u, ilitoa ripoti mwaka 2004 juu ya ardhi ya umma iliyogawiwa watu binafsi kinyume cha sheria. Ndani yake mlikuwa na viwanja vya michezo, hifadhi za barabara, vyoo vya umma, hata makaburi. Waliozikwa hawakusalimika, seuze watoto wanaokimbizana.

Hata hivyo Nairobi ina bustani zilizonusurika, na inafaa kujua zilinusurika kwa nini. Katikati ya jiji ipo bustani ya Jeevanjee, iliyopewa wananchi mwaka 1906 na mfanyabiashara A. M. Jeevanjee. Mwaka 1991 palizuka mpango wa kujenga humo, pamoja na maegesho ya magari. Mjukuu wa mtoaji, Bi Zarina Patel, akasimama na kuwakumbusha watu kwamba bustani ile ilitolewa kwa ajili ya umma. Wananchi wakamuunga mkono, na mpango ukafa.

Miaka miwili kabla ya hapo palikuwa na kisa kikubwa zaidi. Uhuru Park ilifunguliwa mwaka 1969 iwe mahali pa kupumzikia kila mwananchi, na mwaka 1989 ikatangazwa kwamba ndani yake litasimama jengo la ghorofa 60. Profesa Wangari Maathai, aliyekuwa ameanzisha harakati za upandaji miti za Green Belt mwaka 1977, aliandika barua baada ya barua kuupinga mpango huo. Alidhihakiwa hata bungeni. Lakini habari zilisambaa, wenye fedha wa nchi za nje wakarudi nyuma, na jengo halikujengwa. Mwaka 1999 alipigwa na kujeruhiwa alipokwenda kupanda miti katika msitu wa Karura, uliokuwa umeanza kukatwa vipande kwa ajili ya majumba. Msitu huo, wenye hekta zaidi ya 1,000, bado upo. Mwaka 2004 yeye mwenyewe akapewa Tuzo ya Amani ya Nobel.

Lakini Uhuru Park na Karura zina watetezi kwa sababu kila mtu anazijua. Kipande cha nyasi chenye ukubwa wa nyumba nne, nyuma ya mtaa mpya, hakina mwandishi wa habari wala mshindi wa tuzo wa kukilinda. Kina akina mama wanaokiona kutoka dirisha la jiko. Wao wasipokuwa na habari nacho, hapana mwingine.

Hapo ndipo Dandora inapotoa somo. Viwanja vya mtaa ule vilipangwa vikizunguka nyua za pamoja. Kadiri nyumba zilivyopanda kwenda juu, nyua zikaingiwa na giza, nyingi zikawa mahali pa takataka na pa kuogopwa usiku; na kwa bahati mbaya Dandora ndiko liliko pia jaa kuu la jiji zima. Katika miaka ya 2010 vijana wa mtaa huo, kupitia kundi lao la Dandora Transformation League, walianza kuzishindanisha nyua hizo: ua upi utakaokuwa safi, wenye rangi, wenye majani, wenye mahali pa mtoto kuchezea. Taka zikaondolewa, miti na nyasi zikapandwa, kuta zikapakwa rangi, lango likawekwa mdomoni mwa ua. Wakazi wakachangia fedha kidogo ya kuwalipa vijana wa usafi na ulinzi. Ardhi haikuongezeka hata hatua moja. Kilichobadilika ni kwamba ua ulipata wenyewe.

Msomaji anaweza kusema kwamba siku hizi miji inatengeneza bustani kubwa na nzuri, kwa hiyo kuna haja gani ya kusumbukia kipande cha nyuma ya nyumba? Ni kweli. Kigali ilifungua hifadhi ya Nyandungu mwaka 2022, hekta 121 za bonde la maji lililokuwa limeharibiwa, nalo likarudishiwa mimea yake, vidimbwi na njia za kutembea. Ni kazi ya kupigiwa mfano. Lakini bustani kubwa ni ya Jumapili. Hufikiwa kwa basi, kwa nguo safi na baba akiwapo. Mtoto wa miaka mitatu hana Jumapili. Kila siku saa kumi jioni kwake ni siku ya kukimbia, na wakati huo mama ana sufuria motoni.

Hii ndiyo sababu mataifa yalipokubaliana mwaka 2015 juu ya malengo ya maendeleo ya hadi mwaka 2030, yaliandika kwamba kila mtu aweze kufika mahali pa wazi penye usalama na majani, na hasa wanawake, watoto, wazee na watu wenye ulemavu. Kipimo kinachotumiwa ni mwendo wa mita 400 hivi, yaani dakika tano kwa mtu mzima. Shirika la makazi la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake makuu yako Nairobi kwenyewe, hushauri kwamba asilimia 15 hadi 20 ya ardhi ya mji iwe sehemu za wazi za umma, mbali na asilimia 30 hadi 35 ya barabara.

Asilimia ni neno la maofisini, basi na tulipime kwa kamba. Mtaa mpya wa hekta 10, ukitoa asilimia 15, unaacha hekta moja na nusu. Hiyo ni sawa na viwanja viwili kamili vya mpira wa miguu. Wengi watasema ni ardhi nyingi mno kuachwa bure wakati watu hawana nyumba. Wafikiri kwamba katika hekta hizo 10 huenda wakaishi watu elfu mbili au tatu, na wajiulize kama viwanja viwili ni vingi.

Tena si sahihi kuiweka ardhi hiyo yote mahali pamoja, wala kuimwaga vipande vipande kama makombo. Mtoto wa miaka miwili hadi mitano huhitaji mahali ambapo sauti ya mama inamfikia. Hata hatua 15 kwa 15 zinamtosha, mradi pana kivuli na mchanga safi na gari halifiki. Wa miaka sita hadi kumi na miwili hutaka nafasi ya kufukuzana, mti wa kupanda, pembea, na mahali pa siri ambapo wakubwa hawapaoni sana. Vijana hutaka uwanja kamili, nao ni heri uwe mbali kidogo na madirisha. Jambo moja hapa husahauliwa na wachora ramani karibu wote: uwanja ukiwa ni wa mpira peke yake, wavulana wakubwa huutwaa kuanzia saa tisa mpaka giza, na wasichana hubaki wameegemea ukuta wakitazama. Kibaraza cha saruji cha kurukia kamba, benchi chini ya mti, uwanja mdogo wa netiboli, vyote hivyo gharama yake ni ndogo kuliko lango la fahari ambalo mitaa mipya hupenda kujijengea.

Mahali pa kipande cha kijani nako pachunguzwe. Si ajabu kukuta kwamba "bustani" ya kwenye ramani ni ule ukingo wa mto unaofurika kila masika, au ukanda ulio chini ya nyaya kubwa za umeme, au pembe iliyobaki baada ya barabara kukata kona. Ardhi hiyo isingeweza kujengwa hata kama mwenyewe angetaka, kwa hiyo anaitoa kwa umma kama mtu anayetoa sadaka shati lisilomtosha. Ukingo wa mto uachwe kwa mto, upandwe matete na miti, na usihesabiwe kuwa uwanja wa watoto.

Juu ya kupanda kuna mengi ya kusema. Nyasi za ukoka zinatosha. Hustahimili miguu ya watoto, hutambaa zenyewe na hazidai maji mengi zikishashika. Miti ya kivuli ipandwe mwaka uleule nyumba zinapokabidhiwa, maana mti ni kitu kimoja ambacho hata tajiri hawezi kukinunua kikiwa kimekwisha kukomaa. Sehemu za joto mwarobaini ni rafiki wa zamani. Mwembe hutoa kivuli kizito na chakula pia, ingawa mawe ya watoto yataleta kesi msimu wa maembe. Mkaratusi usipandwe kabisa karibu na nyumba wala mabomba: hunywa maji kwa pupa, matawi yake hukatika kwa upepo, na chini yake hapamei kitu. Miche izungushiwe miba au matete kwa miaka miwili ya kwanza, na kila mche upewe mtoto mmoja wa kuumwagilia. Mtoto aliyelea mche haung'oi, wala hamwachi mwenziwe aung'oe.

Faida moja ya nyasi huonekana siku ya mvua kubwa. Maji yanayoanguka juu ya paa, saruji na lami hayana pa kwenda ila mteremko, nayo hukusanyika na kuingia katika nyumba ya aliye chini. Yanayoanguka juu ya ardhi yenye majani, sehemu kubwa hunywewa. Katika mitaa mingi ambako wakazi walisakafia kila shubiri ya ua ili wasione tope, wao wenyewe ndio wanaoamka usiku kutoa maji sebuleni kwa ndoo.

Basi familia inapokwenda kutazama nyumba mpya, iende na maswali kabla ya kuulizia vigae. Kipande cha kijani kina namba yake katika ramani ya upimaji iliyosajiliwa, au kimepakwa rangi tu katika picha ya matangazo? Hati yake iko kwa nani: imekwisha kukabidhiwa halmashauri, imeandikwa kwa jina la chama cha wakazi, au bado iko mkononi mwa mwenye kampuni, ambaye akimaliza kuuza nyumba atakumbuka kwamba bado ana ardhi? Bomba la uwanja linasomwa kwenye mita ya nani? Sheria ya mtaa inaruhusu ghorofa ngapi, na zikiongezwa, ni nani atakayeongeza uwanja? Muuzaji mwema atajibu. Asiyeweza kujibu atasema kwamba mambo hayo yatashughulikiwa baadaye, na neno hilo "baadaye" lipimwe kama mtu anavyopima samaki sokoni, kwa pua.

Wakishahamia, chama cha wakazi kiundwe mwaka wa kwanza, kabla kokoto za kwanza hazijaletwa. Kazi zake ni chache na hazina fahari: kuweka alama za mipaka kwa mawe yanayoonekana, kuhifadhi nakala ya ramani katika nyumba zaidi ya moja, kukusanya mchango wa maji, na kumwambia jirani kwa upole, siku ileile, kwamba kokoto zake zimeingia uwanjani. Nusu ya wajumbe wawe akina mama, kwa sababu ndio wanaokuwapo mchana na ndio watakaojua wa kwanza pakitokea mtu mwenye kamba ya kupimia.

Huko Nairobi mambo yamefika mahali pengine tena. Mitaa ya zamani ya halmashauri imeanza kubomolewa ili kupisha maghorofa. Huko Pangani nyumba za chini zimekwisha kuondoka na majengo marefu yamesimama mahali pake. Sababu ni nzito, maana watu ni wengi na nyumba ni chache, na aliye katika kibanda cha mabati hawezi kuambiwa angoje kwa ajili ya nyasi za mwenziwe. Ila mtaalamu anayeutazama mtaa kama Kaloleni kutoka juu, akiwa na hesabu ya vyumba mkononi, huona kati ya nyumba ardhi nyingi isiyotumika. Saa kumi na moja jioni, ardhi hiyo isiyotumika ina mpira wa matambara, wasichana wanne na kamba moja, nguo zinazoanuliwa kabla ya umande, na bibi mmoja juu ya kigoda anayejua jina la kila mtoto anayepita.